Muulize Bibi wa Mang'ula: Tai wa msituni na kesi anazobambikiwa

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya tai mwenye kishungi akiwa juu ya tawi, mguu wa mbega umening'inia chini ya kucha zake. Tangu hapo barua hazijakatika. Wapo walioandika kwa hasira, wapo walioandika kwa hofu, na mmoja ameuliza bei. Naye nitamjibu, asubiri zamu yake. Kwa mliojiunga nasi karibuni: mimi si daktari wa wanyama wala profesa. Kazi yangu ilikuwa kuokota mifupa chini ya viota vya tai huyu katika msitu wa Mwanihana, hapa Udzungwa, nikiwasaidia watafiti. Wao walitazama juu kwa darubini, mimi nilitazama chini na gunia mkononi. Kwa hiyo majibu yangu mengi yanatoka chini ya mti.

Anamaliza kuku wangu

*Shikamoo Bibi. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kiberege. Tangu masika yaishe nimepoteza vifaranga kumi na tatu na mitetea miwili. Jirani anasema mwizi ni huyo tai wenu wa kwenye picha, anashuka kutoka mlimani. Amenishauri nitie sumu kwenye utumbo wa mbuzi niuanike juu ya bati. Unasemaje? – Mfugaji, Kiberege*

Marahaba, mwanangu. Utumbo huo usiupandishe kwenye bati. Wa kwanza kuufikia hatakuwa tai. Atakuwa kunguru, kisha mbwa wa huyohuyo jirani mshauri, kisha tumbusi, na kuku wako watadonoa makombo yatakayodondoka. Tai mwenye kishungi mizoga haimvutii, amezoea kuua mwenyewe. Halafu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyama kwa sumu. Ukikamatwa, jirani hatakuja kukutolea dhamana.

Haya, tumtafute mwizi. Umenitajia idadi, hukunitajia saa wala mahali, na bila hayo mawili kesi haisikilizwi. Nitakisia. Vifaranga kumi na tatu, uwanjani, mchana kweupe: huyo ni mwewe. Ana rangi ya kahawia, mkia wenye panda, mdomo wa njano. Anapita chini, ananyakua, anaondoka bila kutua. Mwewe anapenda mahali palipo wazi, penye watu, penye takataka. Tai wa msituni hapendi hata kimoja katika hivyo vitatu.

Mitetea ni kesi nyingine. Kama iliuawa mchana karibu na miti, hasa kama una jirani mwenye mitiki au mikaratusi, namshuku kozi mkubwa mweusi, yule wa mgongo mweusi na kifua cheupe. Mtetea mzima ni mzito kwake, hamwezi kumbeba, kwa hiyo anamlia palepale. Kama ilitoweka usiku, achana na ndege kabisa, mtafute kanu au kicheche. Nenda kaokote manyoya uyatazame kwa karibu. Ndege mla nyama hunyonyoa: unyoya unatoka mzima na shina lake, pengine shina lina alama ndogo iliyobonyea pale mdomo ulipobana. Mnyama mwenye meno hukata: utaona shina limeng'atwa katikati, na manyoya kadhaa yamegandana kwa mate. Ukiinama dakika tano utajua mengi kuliko aliyokuambia jirani.

Simsafishi tai kupita kiasi. Mahali ambapo nyumba zimesogea mpaka ukingoni mwa msitu, na kima wameishia kwenye sufuria za watu, tai huchukua kuku, hata mtoto wa mbuzi. Lakini atoke mlimani, avuke mashamba yote hayo ya miwa, kufuata kifaranga kisichojaa kiganja? Hiyo ni hasara tupu, na mwindaji anayekula hasara hazai.

Vifaranga vifungie kwenye tenga au banda la wavu mpaka vifikishe wiki sita hadi nane. Acha vichaka karibu na uwanja, hata safu ya mihogo inatosha, kuku wapate pa kukimbilia. Uwanja uliofagiwa ukang'aa unampendeza mgeni, na mwewe pia.

Kilo nne zinauaje kilo ishirini?

*Shikamoo Bibi. Mwalimu wetu wa Baiolojia anasema tai huyu ana kilo nne tu lakini anaua paa, na hata pongo. Nusu ya darasa hatuamini. – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Iringa*

Marahaba. Nusu hiyo ya darasa imwombe mwalimu radhi. Jike ndiye mzito, ana kati ya kilo 3.2 na 4.7, na dume ni mdogo kidogo. Mabawa yakitandazwa, ncha hadi ncha ni mita 1.5 hadi 1.8. Kwa tai wa ukubwa huo, mabawa hayo ni mafupi. Yule tai mkubwa wa nyikani, mwenye kifua cheupe chenye madoa, anaweza kupita mita mbili. Wa msituni ana mabawa mafupi mapana na mkia mrefu wenye mistari, maumbile ya kupenya kati ya matawi na kupanda karibu wima kutoka ardhini penye kiuwazi kidogo tu.

Na hafukuzi. Anakaa. Anaweza kukaa kimya sehemu kubwa ya asubuhi juu ya njia ya paa, au juu ya mkuyu ambao kima wanakula na kudondosha matunda, maana paa huwafuata kima kuokota makombo. Kisha anashuka. Silaha yake ni mguu. Mdomo ni kisu cha mezani tu. Kidole cha nyuma kina ukucha mnene unaokaribia sentimeta 6, na mguu wenyewe ni mnene kupita mahitaji ya ndege wa kilo nne. Anapiga kichwani au mgongoni, ukucha unazama, anabana. Kima wengi hufa kwa pigo hilo hilo la kwanza.

Darasa lenu nadhani limechanganya kuua na kubeba. Paa wa kilo kumi hainuliki, na tai hajaribu. Anamchana palepale chini, anakula anachoweza, kisha anapandisha vipande mtini na kuvibana kwenye panda za matawi, awe anavirudia siku zinazofuata. Ukiona mguu wa paa umekwama mita kumi juu ya kichwa chako msituni, chui ni mshukiwa, lakini mtazame na mwingine. Mimi humtofautisha kwa bapa la bega. Mfupa huo ni mwembamba, na tai akivuta nyama kingo zake huchanika na kubaki na matundu na mikwaruzo. Chui hakuachii bapa la bega la kuchunguza, analitafuna. Na fuvu la kima lililotoka kwa tai mara nyingi uso wake ni mzima, ukiliweka mezani utadhani halikuguswa. Ligeuze, uchungulie ndani ya tundu la jicho. Kule nyuma, mahali mfupa unapokuwa mwembamba mno, ndipo palipotobolewa kuufuata ubongo.

Wala msidhani kila siku ni paa. Huko Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti walipochambua mabaki ya chini ya viota walikuta zaidi ya asilimia 80 ya windo ni jamii ya kima na mbega, hasa kima mwenye mkia mwekundu. Kwetu Udzungwa kuna mbega mwekundu, mbega mweupe, kima wa kawaida na jamaa yao aitwaye ng'olaga wa Sanje, ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu ingawa wazee wetu walikuwa wakimfukuza shambani siku zote. Kusini mwa Afrika, mahali kima ni wachache, tai huyuhuyu anaishi kwa pimbi na paa wadogo. Anakula kilichopo.

Je, huchukua watoto?

*Bibi, shikamoo. Naishi karibu na msitu wa Magombera na nina mtoto wa miaka mitatu. Mama mkwe anasema tai huchukua watoto, tusimwache uwanjani. Mume wangu anacheka, anasema hizo ni hadithi. Nani mkweli? – Mama wa mtoto mmoja, Msolwa*

Marahaba, mwanangu. Mumeo apunguze kucheka.

Lipo tukio lililoandikwa na wataalamu wa ndege wa kusini mwa Afrika, lililotokea Zambia. Mvulana wa miaka saba, kilo 20 hivi, alikuwa akienda shule. Tai kijana wa aina hii alimshukia, akamkamata na kumchana kichwani, mikononi na kifuani. Mtoto alipambana. Mama mmoja aliyekuwa karibu akaja na jembe, akamuua tai. Mtoto alipona. Kilo ishirini haibebeki, hilo tumeshalisema, lakini tai kijana asiyejua bado kipimo cha windo lake alijaribu.

Lipo na la zamani zaidi, na hili napenda kulisimulia kwa sababu linahusu mifupa. Mwaka 1924 kwenye machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu dogo ndani ya jiwe. Raymond Dart, mwalimu wa anatomia mjini Johannesburg, akalitangaza mwaka 1925 kuwa ni la kiumbe wa ukoo wa binadamu, akakiita Australopithecus africanus. Lilikuwa fuvu la mtoto wa miaka mitatu au minne, aliyeishi zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kwa muda mrefu ilidhaniwa aliliwa na chui au fisi. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke wakasema hapana, tazameni wanyama wengine waliopatikana pamoja naye, wadogo wadogo wote, tazameni na alama zao: hilo ni jalala la tai mkubwa. Wengi walitikisa kichwa. Kisha watafiti wengine wakachunguza mafuvu ya kima yaliyookotwa chini ya viota vya tai mwenye kishungi katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, wakaeleza alama zake moja moja. Mwaka 2006 Berger akalirudia fuvu la Taung akiwa na maelezo hayo, akachungulia ndani ya matundu ya macho, na vitobo vilikuwa pale. Fuvu lilikuwa limeshikwa na mikono ya wasomi kwa miaka themanini. Mimi sikushangaa niliposoma habari hiyo. Yeyote aliyewahi kumwaga gunia la mifupa ya tai juu ya turubai anajua pa kuchungulia kwanza.

Kwa hiyo mama mkwe hakutunga. Ila mpe na mizani. Matukio ya namna ile ya Zambia yanahesabika, na tai huyu anapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, mahali penye watoto wengi wanaotembea peke yao kila asubuhi. Hapo Msolwa pikipiki inayopita mbele ya nyumba yako ndiyo ya kuogopa zaidi, na baada yake nyoka na mto. Mtoto wa miaka mitatu asiachwe peke yake ukingoni mwa msitu. Hilo ungelifanya hata kama tai wangekwisha duniani.

Jambo moja la kushika kweli: usipite chini ya kiota chenye kinda. Jike hapo hajali wewe ni kilo ngapi. Anashuka kimya, kutoka nyuma, anapiga kichwa. Sisi tuliokuwa tukiokota mifupa tulivaa helmeti za pikipiki, na watalii walipotukuta porini walidhani tumepotea njia ya barabarani. Wanaoumizwa na tai huyu, mara nyingi ni wale waliofuata kiota chake.

Mluzi wa saa nne

*Nyanya, shikamoo. Mimi hutembea msitu wa Karura Jumamosi asubuhi. Mara nyingi kama saa nne nasikia kitu kikipiga kelele juu kabisa, sauti inapanda na kushuka, inaendelea kwa dakika nyingi, na nikitazama sioni chochote. Rafiki yangu anasema ni mwewe. Na kuna wakati kima huanza kelele halafu wote wananyamaza kwa pamoja. Kuna uhusiano? – Mtembeaji, Nairobi*

Marahaba, mjukuu wangu. Si mwewe. Huyo ni tai dume anajitangaza. Jua likishapasha hewa anapanda juu sana, mpaka anakuwa nukta, kisha anaanza kuruka kwa mawimbi: anajiangusha, anajiinua, anajiangusha tena, na kila wimbi lina miluzi yake, *kwii-kwii-kwii*, inayoongezeka anapopanda na kufifia anaposhuka. Jike akijibu, sauti yake ni nzito zaidi. Huna haja ya kuangalia juu ya kichwa chako, maana mluzi huo unasafiri mbali. Tafuta kwa darubini upande ule mwingine wa bonde. Nairobi mna bahati ya ajabu kuwa na ndege huyu ndani ya jiji. Leslie Brown, ofisa kilimo wa zamani wa Kenya aliyejulikana zaidi kwa tai kuliko kwa mazao, aliangalia viota vya tai huyu kwa miaka mingi, na kimojawapo kilikuwa hapo hapo Nairobi, mtaa wa Karen.

Tai anayepiga mluzi hawindi. Anayewinda hana sauti. Kima wanalijua hilo, ndiyo maana unaweza kuwaona wakiendelea kula huku yeye anaimba juu yao, na wakapiga kelele siku ambayo wewe husikii kitu.

Kuhusu kunyamaza: mara nyingi dume mmoja wa kima amemwona tai, akatoa mlio wa hatari ya juu, na wengine wakaporomoka kutoka vileleni kwenda kwenye majani mazito karibu na shina, wakaganda. Hawapigi mlio huo kwa chui. Tumbili wa Amboseli, hapo hapo kwenu Kenya, ndio waliofunza dunia jambo hili. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliandika kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Waliwachezea sauti zilizorekodiwa, bila mnyama yeyote kuwepo. Waliosikia ya chui walikimbilia mtini, waliosikia ya tai walitazama juu au kujitupa vichakani, waliosikia ya nyoka walisimama kwa miguu miwili wakakagua nyasi.

Kinachonifurahisha mimi zaidi ni hondohondo. Huko Taï watafiti waliwachezea hondohondo mlio wa kima wa kumtangaza tai, nao wakaitikia kwa kelele. Wakawachezea mlio wa kima wa kumtangaza chui, hondohondo wakaendelea na shughuli zao. Chui hawahusu, tai anawahusu, na habari wanaipata kwa kima bila kulipia. Siku nyingine ukiwa Karura, ukisikia kima wamebadilisha mlio, usiwatazame wao. Tazama wanakotazama.

Tai juu ya mkaratusi, mbwa uani

*Bibi shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Durban. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna korongo lenye miti na kwenye mkaratusi mrefu kuna kiota cha tai mwenye kishungi. Nina mbwa mdogo wa kilo tano. Majirani wengine wanasema nimfungie ndani, wengine wanasema kiota kiondolewe. – Uko mbali, Durban*

Marahaba, na pole na baridi. Umehamia mahali maarufu kwa ndege huyu. Durban wana mtandao wa makorongo na misitu midogo iliyoachwa katikati ya nyumba, na tai wameingia humo na kujenga, mara nyingi juu ya mikaratusi, mti ambao si wa Afrika hata kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal waliweka kamera kwenye viota na kuangalia kinacholetwa. Pimbi ndiye aliyeongoza, na makinda ya kwarara wale wapiga kelele wa mjini nao walikuwemo. Mbwa na paka walikuwa wachache sana.

Wachache, ila wapo. Mbwa wa kilo tano ni saizi yake. Wakati kiota kina kinda, mtoe mbwa ukiwa naye, usimwache uani peke yake asubuhi. Wanaotaka kiota kiondolewe waulize wako tayari kuishi na pimbi wangapi kwenye bustani zao za maua.

Bei

*Habari. Kucha za tai huyo zinauzwa bei gani na zinapatikana wapi? Nimeambiwa zinaleta bahati kwenye biashara. – Mfanyabiashara*

Nimewahi kushika kucha hizo nyingi. Nilikuwa nimevaa helmeti na mshahara wangu haukupanda. Kuziuza ni kosa, kuzinunua ni kosa. Tafuta mhasibu.

Wasubiri mpaka lini?

*Shikamoo Bibi. Kwenye shamba la ukoo wetu huku Muheza kuna mvule mkubwa, na mnunuzi wa mbao ametoa bei nzuri. Juu yake kuna kiota kikubwa cha vijiti na tai wawili. Kaka zangu wanataka ukatwe mwezi huu. Nimewaomba wasubiri tai wamalize kulea. Watamaliza lini? – Mdogo wao, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza swali gumu kuliko yote, na kaka zako hawatapenda jibu.

Kwanza kiota chenyewe. Si cha msimu. Tai mwenye kishungi hujenga kwenye panda kubwa, kisha anaongeza vijiti mwaka hadi mwaka, na kiota cha siku nyingi kinafikia upana wa kitanda cha watu wawili, kina kirefu kuliko mtu. Wazazi wakifa, wengine huja kukirithi. Huo mvule huenda una wapangaji tangu babu yenu yuko hai. Muulizeni mzee yeyote wa hapo.

Sasa hesabu. Jike anataga yai moja au mawili. Anaatamia siku 50 hivi, na dume ndiye analeta chakula. Mayai yakiwa mawili na yote yakaanguliwa, kinda la kwanza linamuua mdogo wake siku za mwanzoni. Mama yupo pale, anatazama, haingilii. Anayebaki anakaa kiotani karibu siku 110 mpaka aweze kuruka. Watu wengi hapo hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Kinda aliyeruka hajui kuwinda, na wazazi wanaendelea kumlisha miezi 9 hadi 11 mingine, na chakula anakipokelea hapo hapo kiotani au mti wa jirani. Anaweza kuwa mkubwa sawa na mama yake, bado analia njaa.

Jumlisha: jozi moja, kinda mmoja, takriban kila miaka miwili. Kuku wa yule mfugaji wa Kiberege wanafidia vifaranga kumi na tatu katika miezi michache. Tai mmoja akiuawa, au kiota kikianguka na kinda ndani, jozi imepoteza miaka miwili. Ndiyo maana shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye orodha ya walio karibu kuingia hatarini: msitu unakatwa, kima wanaliwa, na yeye hazai kwa kasi ya kufidia.

Kujua wako hatua gani huhitaji kupanda, na usipande. Simama mbali uangalie asubuhi. Ukiona tai analeta matawi yenye majani mabichi, wanaandaa au tayari wameanza. Ukiona jike amelala tu na dume anakuja na chakula, wanaatamia. Chini ya mti kukiwa na kinyesi cheupe kimerushwa pande zote, kuna kinda anayegeuka na kutoa uchafu nje ya kiota. Ukiona ndege mwenye kichwa na kifua cheupe amekaa pembeni akipiga kelele siku nzima, usidhani ni aina nyingine ya tai. Huyo ndiye mtoto, rangi nyeusi ya mgongoni na mistari ya kifuani huja baada ya miaka.

Kaka zako waambie hivi. Mwezi huu hawakati kwa vyovyote, kwa sababu mvule haukatwi kiholela hata shambani kwako, wanahitaji kibali, na kibali kina foleni yake. Wakati wanafuatilia, nenda ofisi ya misitu ya wilaya ukaandikishe kwamba mti una kiota kinachotumika. Na kama shamba lina mvule mwingine usio na wapangaji, mwoneshe mnunuzi huo. Akisema anautaka ule ule wa kiota kwa sababu ni mnene zaidi, basi mwongezeeni bei mpaka achoke.

Nipigie picha ya ardhi ya chini ya mti: kinyesi, manyoya, na mfupa wowote utakaouona, pembeni uweke kijiti cha kiberiti ili nijue ukubwa. Uvae kitu kichwani.